Kwa nini rubani hakugeuka kurudi kiwanjani?

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Mtwara. Februari timu yetu ya kliniki ya macho ilikuwa inarudi kutoka wilaya moja ya bara mkoani Lindi kwa ndege ndogo ya kukodi, injini moja, watu watano pamoja na rubani, na masanduku ya vifaa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Usiku wake mvua ilinyesha, na nyasi za kiwanja zilikuwa bado zimelowa. Kiwanja ni kirefu, karibu kilomita moja, na kimeteremka kidogo upande tuliorukia. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yetu. Nikafurahi, maana baba yangu ni nahodha wa mashua Kilwa Kivinje na najua upepo wa nyuma ni neema. Ndege ilikimbia sana, ikainuka mwishoni kabisa, ikafika kama urefu wa mnazi mfupi, kisha ikawa haipandi tena. Ukasikika mlio mwembamba kama filimbi. Rubani akasukuma usukani mbele, pua ikaangalia chini, tukaenda kuangukia shamba la mihogo. Bawa la kulia likagonga mkorosho. Mlango mkubwa wa nyuma ukagoma kufunguka, tukatoka wote kwa mlango wa rubani. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Mimi nina alama ya mkanda tumboni, na mgongo unauma mpaka leo. Watu wanasema rubani alipaniki, angegeuza tu arudi kiwanjani, kilikuwa pale pale nyuma. Wengine wanasema tuliingia kwenye shimo la hewa, wengine kwamba ndege ilikuwa kuukuu. Mwezi ujao timu inarudi tena, niende? Halafu kuna jambo sijamwambia mtu. Rubani alipopima mizigo alisema sanduku moja libaki, lina kilo ishirini na ushee. Alipokwenda kuzungumza na mlinzi tukalirudisha, tukaliweka nyuma kabisa chini ya mablanketi. Je, ni sisi?"

JIBU

Marahaba, binti yangu, na poleni sana nyote. Swali lenyewe umeliweka mwishoni, kwa hiyo nianze nalo: hapana, kilo ishirini na ushee peke yake haziwezi kuishusha ndege ya aina hiyo ambayo kila kitu kingine kiko sawa. Lakini sanduku lile halikuwa jambo dogo pia, na nitakueleza kwa hesabu kwa nini lazima ulitaje. Sikuwepo, sijaona mabaki, na sababu rasmi itatoka kwa wachunguzi. Ninachoweza ni kukueleza kilichokuwa kinatokea mbele ya macho yako, maana baadhi ya ulichokiona na kukiogopa ndicho kilichokutoa hai.

Tuanze na ile filimbi. Haikuwa injini wala ishara ya moto. Ndege hizi zina king'ora kwenye bawa kinacholia pale mwendo unapopungua kukaribia kiwango ambacho bawa haliwezi tena kubeba. Bawa hubeba kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa mpangilio na kwa kasi ya kutosha. Ukizidi kuinua pua huku mwendo ukipungua, inafika pembe ambapo hewa ya juu inabanduka kwenye bawa na kuvurugika. Hapo bawa linaachia. Mara nyingi moja linatangulia kuachia kabla ya jingine, na ndege inajipindua upande huo huku pua ikichomeka chini. Karibu na ardhi hakuna nafasi ya kuirekebisha.

Dawa ya hali hiyo ni moja tu, na mwili wa binadamu unaikataa: shusha pua. Ndege iko chini, ardhi inakuja, kila mshipa unakuambia vuta usukani uondoke, na wewe unatakiwa uusukume mbele. Wanafunzi hurudia zoezi hili angani, juu kabisa, mpaka mkono uzoee kulifanya bila kuomba ruhusa ya moyo. Abiria aliyeketi nyuma anaona mtu anaielekeza ndege ardhini kwa makusudi. Ni kweli, alikuwa anaielekeza ardhini kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa inakwenda ardhini vyovyote vile, na yeye alichagua ifike ikiwa bado inatii.

Sasa hili la "angegeuza tu." Nimelisikia baada ya karibu kila ajali ya namna hii, na huwa linasemwa na watu waliokuwa wamesimama chini. Tupige hesabu. Mnazi mfupi, tuseme mita 15. Ndege iliyopoteza nguvu inashuka kama mita 4 kila sekunde. Mlikuwa na sekunde zisizofika nne. Ili kugeuka nusu duara kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, hata rubani akiilaza ndege nyuzi 45, ambao ni mlalo mkali, anahitaji kama sekunde 10, na bado hajawa kwenye mstari wa njia ya kurukia, yuko pembeni yake. Zaidi ya hapo, ndege iliyolazwa nyuzi 45 inahitaji mwendo mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 19 ili bawa lisiachie. King'ora kilikuwa tayari kinalia. Asilimia 19 angeitoa wapi? Marubani hubishana sana kuhusu kugeuka injini ikizimika mita 200 au 300 juu. Kuhusu mita 15 sijawahi kusikia ubishi.

Kilichobaki kilikuwa kutafuta mahali laini mbele yake, mabawa yakiwa sawa, mwendo mdogo kadiri inavyowezekana. Shamba la mihogo ni mahali pazuri kuliko unavyodhani. Ndege inayogusa ardhi kwa kilomita 100 kwa saa na kusimama ndani ya mita 10 inaubebesha mwili nguvu ya takriban mara nne ya uzito wake. Inaumiza, inaacha alama za mkanda, lakini mtu aliyefungwa vizuri anatoka. Mwendo huo huo ukikatwa ndani ya mita moja, kama ndege iliyochomeka pua, ni karibu mara 40. Hata ule mkorosho uliokula bawa uliwasaidia: nguvu iliyotumika kuvunja bawa ni nguvu ambayo haikufika kwenye viti vyenu. Kwa hiyo watu wakisema mbele yako kwamba alipaniki, unaweza kuwajibu kwamba aliyepaniki huvuta.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Sekunde zile za mwisho ni jambo moja, na uamuzi wa kuondoka saa nane mchana katika hali ile ni jambo jingine. La kwanza, kwa maelezo yako, lilifanywa vizuri. La pili lina maswali.

Kwanza, shimo la hewa halipo. Hewa inaweza kwenda juu au chini na kuitikisa ndege, lakini hakuna mahali ambapo hewa haipo. Mlichokipata kina maelezo yake. Ndege ikiwa karibu sana na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake, yaani kama mita 11 kwa ndege za ukubwa huo, ardhi inazuia hewa isizunguke kwenye ncha za mabawa kama kawaida, na ukinzani unapungua. Ndege inaelea kwa urahisi. Kwa hiyo inaweza kuinuka kwenye nyasi kwa mwendo ambao hautoshi kabisa kuipandisha. Inainuka, abiria wanashusha pumzi, kisha inapovuka kimo hicho ule msaada unaisha na ndege inabaki na nguvu zake tu. Kama hazitoshi, inaning'inia, kisha inaanza kuzama. Maneno yako, "ikawa haipandi tena," ndiyo hayo.

Kwa nini nguvu hazikutosha? Hapa ndipo hali ya Kusini inapoingia. Takwimu za msingi za kitabu cha ndege hupimwa kwa siku ya nyuzi 15 usawa wa bahari. Mtwara mjini na Lindi mjini mko pwani, lakini ukipanda Nachingwea au Masasi umefika mita mia nne na zaidi, na Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ni zaidi ya 600. Ukichanganya mita 400 na joto la nyuzi 33, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10 ikilinganishwa na ile ya kitabu. Upungufu huo unapiga mahali patatu kwa wakati mmoja: injini inapata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, pangaboi lina hewa kidogo ya kusukuma, na bawa lina hewa kidogo ya kulibeba. Abiria haoni chochote. Anga ni safi, jua linawaka, kila mtu anasema leo hali ya hewa ni nzuri.

Halafu upepo. Baba yako yuko sahihi kwa chombo chake. Mashua inasukumwa na upepo, na upepo wa tezi, yaani wa nyuma, unamfikisha nyumbani mapema. Ndege haisukumwi na upepo, inabebwa na hewa inayopita kwenye bawa, na hewa hiyo inahesabiwa kutokea mbele. Ndege inayohitaji hewa ipite kwa kilomita 110 kwa saa, upepo wa kilomita 10 ukitoka mbele, inaondoka ikikimbia ardhini kwa 100. Upepo huo huo ukitoka nyuma, lazima ikimbie 120 ardhini ndipo bawa lione 110. Kwa hiyo rubani hutafuta upepo wa omo, uje usoni. Februari kaskazi bado inavuma, na mchana upepo huongezeka. Nadhani alichagua upande ule kwa sababu ya mteremko uliouona, jambo ambalo si la ajabu kwenye viwanja vya bara. Lakini mteremko mdogo unakurudishia sehemu tu ya kile upepo wa nyuma unachokula.

Mamlaka ya anga ya Uingereza ina kanuni za kukadiria zinazotumiwa na marubani wengi wa ndege ndogo, na nitakuonyesha jinsi zinavyozidishana, maana hapo ndipo watu hupotea: mambo haya hayajumlishwi, yanazidishwa. Tuseme kitabu kinataka mita 550 za kuondoka na kuvuka kizuizi chenye kimo cha mita 15, kwenye lami kavu siku ya baridi. Joto la ziada la nyuzi 18 linaongeza kama asilimia 20 kwa mkato. Mita 400 za kimo zinaongeza 13. Nyasi zilizolowa, 30. Upepo wa nyuma wa kilomita 11 kwa saa, ule unaochezesha majani tu, unaongeza 20. Ukizidisha zote, mita 550 zimekuwa kama 1,160. Kiwanja chenu ni karibu 1,000. Na kanuni zile zile zinataka uzidishe tena kwa 1.33 kwa ajili ya usalama, ufike zaidi ya mita 1,500.

Sijui namba halisi za ndege yenu, huu ni mfano. Lakini unaona kwamba kiwanja kinachoonekana kirefu kwa macho, bila kilo moja ya ziada, kinaweza kuwa kifupi saa nane na kutosha kabisa saa moja asubuhi, hewa ikiwa ya baridi na upepo umelala. Ndiyo sababu wenye uzoefu wa viwanja vya porini hupenda kuondoka mapema. Mnaweza kuona usumbufu kuamshwa alfajiri kwa ajili ya safari ya nusu saa, lakini asubuhi hiyo ina mita zake.

Sasa sanduku. Kwa unavyoeleza, injini moja, mlango wa mbele mmoja upande wa rubani na mlango mkubwa nyuma, nadhani mlipanda ndege ya jamii ya Cessna 206, ambayo uzito wake wa juu wa kupaa katika matoleo mengi ni kilo 1,633. Kilo 25 ni asilimia moja na nusu. Kanuni inasema uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali unazidi kwa 20. Kwa hiyo sanduku lenu liliongeza kama asilimia 3. Kwenye mfano wetu hiyo ni mita 35. Katika siku yenye nafasi, mita 35 hazionekani. Katika siku ambayo kila kitu kilikuwa kimebanwa, zinaweza kuwa umbali kati ya kuupita mkorosho na kuugonga. Siwezi kukuambia ilikuwa siku ipi kati ya hizo, wala wewe hutaweza kujua kwa kulala macho ukiwaza.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu sanduku hilo, na yote ni mazito kuliko kilo zenyewe. Mliliweka nyuma kabisa. Mzigo wa nyuma unahamisha mizani ya ndege kuelekea mkiani, pua inakuwa nyepesi, inainuka mapema na kutaka kuendelea kuinuka, na ndege inakuwa ngumu kuirudisha bawa likikaribia kuachia. Rubani alipopanga mizigo alipanga pia mizani, na ndege aliyoishika mkononi haikuwa ile aliyoihesabu. La pili, lilikuwa chini ya mablanketi, kwa hiyo nadhani halikufungwa. Kwa nguvu ya mara nne niliyokutajia, kilo 25 zinakuwa kama 100 zinazoruka kuelekea visogoni mwenu. Kumbuka vizuri lilikutwa wapi baada ya ajali. Wachunguzi watataka kujua.

Naandika hivi bila kukukaripia. Vifaa vya macho ni ghali, mnavihesabu na kuviwekea sahihi, na kuacha sanduku la serikali au la mfadhili kwa mlinzi wa kiwanja ni jambo la kuogopesha kwa mfanyakazi. Hakuna aliyewaeleza kwa nini libaki. Rubani anayesema "hili libaki" bila kusema sababu, kisha akaondoka bila kuangalia tena nyuma kabla ya kufunga mlango, ameacha pengo, na kuangalia huko ni kazi yake kwa kila safari.

Kuhusu ukuukuu wa ndege, sina mengi. Ndege ndogo nyingi duniani zina miaka 30 au 40 na zinaruka salama, kwa sababu sehemu zake zinahesabiwa kwa saa za kuruka na kubadilishwa. Umri si sababu, matunzo ndiyo sababu, na hayo yako kwenye daftari za ndege. Injini inaweza pia kupoteza nguvu kidogo bila kuzima, kwa mfano maji yakiingia kwenye mafuta, jambo la kuangaliwa sana wakati wa mvua na pale mafuta yanapotolewa kwenye mapipa. Hukutaja injini kukohoa, lakini usiseme kwa uhakika kwamba haikukohoa. Sema tu kile masikio yako yalichosikia.

Mlango wa nyuma haukuwa mbovu, na hili nataka wenzako wote walijue, hasa kama mtapanda tena ndege ya aina hiyo. Mlango ule una vipande viwili. Wakati wa kuondoka rubani hushusha flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyolisaidia kubeba kwa mwendo mdogo. Flapu zikiwa chini, zinakaa mbele ya kipande cha kwanza cha mlango na kukizuia kisifunguke zaidi ya upenyo. Inajulikana kote duniani kwa ndege hizi, na imeshazuia watu kutoka. Njia ni hii: sukuma kipande cha mbele mpaka kinapogota, ingiza mkono kwenye upenyo huo, tafuta mpini wa kipande cha nyuma, uzungushe kwenda mbele, kisha sukuma. Mwambie rubani akuonyeshe kabla injini haijawashwa, na ujaribu kwa mkono wako mwenyewe. Kwenye moshi au maji hutapata muda wa kujifunza.

Mgongo wako sasa. Mimi si daktari na wewe ni muuguzi, lakini wauguzi huwa wagonjwa wakaidi, kwa hiyo nivumilie. Ndege inapopiga chini, nguvu inapanda kupitia kiti mpaka kwenye uti wa mgongo, na pingili zinazopondeka mara nyingi ni zile za pale mgongo wa kifua unapokutana na kiuno. Mtu anaweza kutembea siku nyingi akiwa na pingili iliyopondeka akidhani ni misuli. Alama ya mkanda tumboni nayo ni onyo, maana utumbo unaweza kuumia na kujitokeza baadaye. Maumivu ya mwezi mzima yanatosha: nenda hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ukapigwe picha ya mgongo, na ukiwa upande wa bara hospitali ya Ndanda iko karibu. Waeleze kwamba ilikuwa ajali ya ndege, usiseme tu "mgongo unauma." Ukianza kuhisi ganzi miguuni au sehemu za siri, ukishindwa kuzuia mkojo, tumbo likikaza au ukiona damu kwenye mkojo, usisubiri kesho.

Na kama unashtuka usiku, unakwepa kupita karibu na uwanja wa ndege, au ile filimbi inakurudia ukiwa kazini, na hali hiyo imepita mwezi, muone mtaalamu wa afya ya akili hapo hapo hospitalini. Ile siri ya sanduku inaongeza uzito kwenye jambo hili. Nadhani ukishaisema rasmi utalala vizuri zaidi, ingawa sikuahidi.

Kuisema rasmi ni wapi? Uchunguzi wa ajali za ndege nchini unafanywa na kitengo kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya uchukuzi. Si TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo kazi yake ni kusimamia sekta, na si polisi, ingawa polisi hufika kwanza na huandika maelezo yao. Kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambao Tanzania inaufuata, lengo la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Taarifa ya awali kwa kawaida hutoka ndani ya siku 30, na ya mwisho kadiri iwezekanavyo ndani ya miezi 12. Bado una nafasi. Andika mwenyewe kwanza, kwenye karatasi, kabla hujazungumza zaidi na wenzako, kwa sababu kumbukumbu za watu waliokaa pamoja huanza kufanana. Kama kuna aliyepiga picha au video kwa simu, asiifute, na isibaki nakala ya WhatsApp peke yake, ambayo hupunguzwa ubora: faili la asili libaki kwenye simu mpaka wachunguzi walichukue. Ukiletewa karatasi ya fidia ya kusaini, na mgongo wako haujapigwa picha, usisaini kabla mwanasheria hajaisoma.

Utaogopa kwamba kulitaja sanduku kutawaweka matatani kazini. Inawezekana mkaulizwa. Lakini mabaki yatapimwa, masanduku yatahesabiwa, na sanduku litaonekana bila ninyi kusema. Tofauti ni kama wachunguzi watajua lilifikaje pale au watabaki wakidhani rubani alilikubali. Huyo ni mtu ambaye leseni yake iko mezani sasa hivi.

Mwisho, safari ya mwezi ujao. Kukataa si woga, na hakuna anayestahili kukusukuma upande ndege huku mgongo haujaangaliwa. Kwa mwezi huo mimi ningesema hapana, kwa sababu ya mgongo tu. Baadaye, chagua ukiwa unajua kwamba ndege ndogo za kukodi si salama kama ndege kubwa za ratiba, na kwamba barabara nazo si mbadala usio na gharama: mvua za 2024 zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, na kwenye barabara za vumbi za bara masika huwakwamisha wagonjwa wenu njiani. Kuna vijiji ambako bila ndege kliniki haifiki.

Ukiamua kupanda, omba ratiba ya asubuhi. Kila mzigo upimwe kwenye mizani, na mikoba ya mkononi pia, na ukitaja uzito wako usiupunguze kwa aibu. Kisha muulize rubani swali moja mbele ya wenzako: usipofika mwendo wako ifikapo katikati ya kiwanja, unafanya nini? Wengi hutumia kipimo cha asilimia 70 ya mwendo wa kuinuka ifikapo nusu ya njia, na kama haujafika, wanakata nguvu ya injini na kusimama. Rubani mzuri atafurahi kuulizwa, na atakuonyesha kwa kidole ni mti gani au jiwe gani aliloweka kuwa alama. Asiyekuwa na alama, au anayekasirika, teremka na begi lako.

Picha ya mgongo kwanza, wiki hii. Maelezo ya maandishi yafuate, na kwenye ukurasa wa kwanza andika sanduku: uzito wake, lilipokaa, lilifungwa au halikufungwa, na nani alilibeba.